Samaki Bila Harufu

Mimi ni Kaswera. Ku soko ya Beni batu bananiitaka Mama Bénite. Benye kinywa mubaya bananiita Mama Samaki. Nauzisha samaki kavu ya Kyavinyonge, kule ku ziwa, myaka kumi na tano sasa. Nikipita, imbwa zinanifuata. Sabuni inashindwa kuondoa ile harufu ku mikono yangu, na sioni haya. Ile harufu njo ilisomesha batoto bangu bane.

Basi musikilize. Nitabaambia namna ile harufu ilinipotea. Nitabaambia tena namna nilikaribia kupelekea mujukuu yangu ugonjwa kwa mikono yangu miwili, na carte ya vaccin ndani ya soutien, ku kifua.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na makumi mbili. Vita ilikuwa haijaisha kwetu. Ebola ilikuwa bado inamaliza-maliza. Njo corona ikaingia juu ya zile mbili. Congo na Uganda zikafunga mupaka wa Kasindi. Camion za mizigo zilipita. Batu, hapana.

Sasa mutoto yangu Bénite alikuwa ng'ambo ile. Aliolewa na Baluku, fundi wa mbao wa Mpondwe, upande wa Uganda. Kati ya Kasindi na Mpondwe kuko mutoni tu, Lubiriha. Ukisimama ku mutoni unaona mabati ya nyumba yake, mabati ya kijani. Na Bénite alikuwa na mimba ya kwanza, miezi minane na nusu.

Kwetu, ndani ya famille yetu, mutoto wa kwanza anaogeshwa mara ya kwanza na mama ya mama yake. Mama yangu njo aliogesha Bénite. Akamufunga ndani ya kikwembe, kitambaa ya bleu yenye picha za ndege. Ile kikwembe niliichunga myaka makumi mbili na mbili. Ni ile ingefunga mutoto ya Bénite, na ni mimi ningemuogesha. Haikuwa mambo ya kuuliza-uliza.

Kila siku ya Mungu, Bénite alinipigia simu. Siku moja hakupiga. Nikapiga mimi. Ule mwanamuke wa ndani ya simu, ule asiyechokaka, akasema namba haipatikani. Nikapiga ya Baluku. Ule mwanamuke tena. Siku tatu, ni yeye tu alikuwa ananijibu, na sauti ile ile, pole pole. Nilianza kumuchukia.

Siku ya tatu, asubuhi, nilifungua kitunga ya samaki. Haikuwa na harufu.

Nikasogeza pua. Hakuna. Nikavunja samaki moja, nikaweka pua ndani kabisa. Hakuna kitu. Ilikuwa sawa na kunusa mbao.

Pembeni yangu kunakaaka Florentine, anauzishaka vitunguu. Nikamuita.

"Florentine, hii samaki inanuka?"

"Mama Bénite! Inanuka mpaka kwa Monseigneur askofu! Juu ya nini unaniuliza?"

"Hapana kitu."

Nikachukua kitunguu yake, nikainusa. Hakuna. Batu balikuwa banapita, banauza, banacheka, na mimi niliona sawa soko yote imeniacha.

Bwana yangu, Kasonia, alikuwa amekohoa juma nzima. Grippe, mafua tu, alisema. Ile mwezi kila mutu alikuwa na grippe. Mimi sikufikiri grippe. Nilifikiri mutoto yangu. Nilisema ndani ya roho: kuko kitu kibaya kimemupata Bénite, na hii ni alama. Nitaenda.

Paulin ni motard wa karibu na kwetu. Nikamukuta anapanguza pikipiki yake.

"Paulin, unifikishe Mpondwe."

"Mama, frontière imefungwa," akasema. "Mais njia haijafungwa. Iko njia ndani ya kakao. Uko na fièvre, homa?"

"Sina. Ku lave-main ya soko, pa kunawa mikono, balinipima joto na thermoflash. Makumi tatu na sita."

"Na carte ya vaccin?"

Nikacheka. Wakati wa Ebola, jirani moja alikufa ndani ya parcelle yetu, kiwanja moja na sisi, na bakatuchanja sisi bote. Bakatupatia carte. Ile carte niliichunga kuliko carte ya kura. Nilisema: Ebola ilishindwa kuniua, basi corona ni mutoto mudogo tu. Na si mimi peke yangu. Beni muzima tulisema vile.

Kesho yake nikafunga kifurushi, kikwembe ndani, na tulitoka saa moja ya asubuhi, nyuma ya camion tatu. Ile barabara ya Kasindi, mutu haipite peke yake. Kulikuwa bijiji bisibyo na mutu. Benyeji balikimbia bauaji. Milango wazi. Mahali pamoja niliona sufuria juu ya mafiga, na majani yameota ndani yake. Nguo zilikuwa bado ku kamba, zimepoteza rangi. Ya mutoto nayo ilikuwa pale, kashati kadogo, kanacheza na upepo. Paulin akakaza mwendo. Mimi nilimushika kiuno, nikaweka kinywa karibu na shingo yake, nikamusomea rozari ndani ya sikio.

Kasindi ninayoijua mimi ni makelele. Benye kubadilisha feza banakuita, ba-chauffeur banatukanana, muziki inalia kila mulango. Ile siku, meza za feza zilikuwa pale, batu hapana. Camion zilipita moja-moja. Ba-chauffeur balikuwa na cache-nez, barakoa, unaona macho tu. Hakuna aliyepiga klaksoni. Barrière inapanda, camion inapita, barrière inashuka. Nilisikia chuma inagonga chuma, nyuma yake kimya.

"Huku hapana," Paulin akanong'ona. "Tupite chini."

Tukaacha pikipiki kwa rafiki yake, tukaingia ndani ya mashamba ya kakao. Ilikuwa saa sita ya muchana, lakini ndani ya kakao ilikuwa giza-giza. Benye mashamba balikimbia nao. Kakao zilikuwa zimeoza ku miti, nyeusi ti. Sikusikia ata ndege moja.

Njo batu batano bakatokea mbele yetu. Balikuwa banatoka ng'ambo. Balijifunga bitambaa ku kinywa. Nikabasalimia. Hakuna aliyejibu. Kwetu, ata adui anajibu salamu, nyuma njo anakutukana. Hawa baliacha njia, bakapita mbali ndani ya majani, macho chini. Wa mwisho alikuwa mama muzee. Alikohoa mpaka akashika muti. Benzake habakusimama.

"Paulin, hawa ni batu?"

"Nyamaza, mama. Tutembee."

Mbele kidogo akasimama, akashika pua.

"Yesu wangu!"

Kati ya njia kulikuwa mbuzi imekufa. Imevimba. Nzi zilikuwa mingi mpaka zinalia. Mimi nikaruka juu yake, nikaendelea. Nyuma nikageuka. Paulin hakunifuata. Alikuwa ananiangalia.

"Mama Bénite, hausikie?"

"Kusikia nini?"

"Harufu!"

Nikarudi. Nikainama juu ya ile mbuzi. Nzi zikanigusa uso. Nikavuta pumzi kabisa, sawa mutu anayenusa supu. Hakuna kitu.

"Sisikie kitu," nikasema.

Uso ya Paulin ikabadilika. Akarudi nyuma hatua moja. Ingine tena.

"Mama, uko mutu kweli?"

"Paulin, acha upumbafu! Kuya hapa."

Nikanyoosha mukono. Akakimbia. Kijana mukubwa vile, amepita ku barabara ya bauaji bila kutetemeka, anakimbia Mama Samaki! Ningecheka, lakini nilibaki peke yangu na mbuzi.

Nilienda tu. Nilisikia maji. Nikatoka ndani ya kakao, na Lubiriha ilikuwa pale mbele yangu. Maji haikuwa mingi, mpaka ku magoti. Ng'ambo, juu kidogo, niliona mabati ya kijani. Moshi ilikuwa inatoka ku jikoni. Mutu alikuwa anapika! Nikavua biatu.

Mwanamuke moja alikuwa anachota maji ng'ambo. Nikamuita kwa Kinande. Bao banasema Kikonjo, luga ni moja.

"Mama, unisaidie! Mimi ni mama ya Bénite, muke ya Baluku!"

Akainua kichwa. Akaangalia kifurushi yangu, nyuma uso yangu. Akaachilia bidon yake ya maji. Akarudi kinyume-nyume, macho ku mimi, mpaka ndani ya majani. Akapotea. Bidon yake ilibaki ndani ya maji. Maji ikaichukua, ikaigonga ku mawe, tok, tok, ikaenda nayo.

Hapo njo nilielewa, na nilisikia woga kuliko pale ku mbuzi. Tangu asubuhi niliogopa bijiji bile, niliogopa batu ba njia, niliogopa kimya. Kumbe kitu batu banaogopa ni mimi.

"Mama, simama pale pale. Hapana kuingia ndani ya maji."

Ilikuwa sauti nyuma yangu. Nikageuka. Mwanamuke moja alisimama mbali, hatua ine. Alivaa gilet ya orange na cache-nez. Alishika chupa ya maji ya sabuni.

"Naitwa Rébecca," akasema. "Niko relais communautaire, mutumishi wa afya wa kijiji, natumika na centre de santé, kituo ya afya ya Kasindi. Kila siku natembea pembeni ya huu mutoni. Motard moja amenipita mbio, anasema kuko muzimu ndani ya kakao. Ni weye?"

"Njo mimi," nikasema.

Akaweka cache-nez moja juu ya jiwe, akarudi nyuma. Nikaichukua, nikaivaa. Akanionyesha: ifunike pua na kinywa, byote biwili.

"Unaenda wapi, mama?"

"Kwa mutoto yangu. Nyumba yake ni ile. Anakaribia kuzaa. Na mimi hapana mugonjwa! Sina fièvre. Carte niko nayo."

Nikaingiza mukono ndani ya soutien, nikatoa carte, nikaiinua juu aione. Alisogeza kichwa kidogo, akaisoma toka mbali.

"Mama, hii ni carte ya Ebola."

"Njo hiyo!"

"Ebola na corona hapana ugonjwa moja. Ile vaccin ilikukinga na Ebola, na ulifanya muzuri kuipokea. Lakini corona haiijue ile carte. Na vaccin ya corona bado haijapatikana."

"Na thermoflash? Ilisema makumi tatu na sita!"

"Ku Ebola, mutu anaambukiza bengine wakati dalili zimekwisha kuanza. Corona ni ingine. Inaweza kuwa ndani ya mutu bila fièvre. Anatembea, anacheka, anauzisha ku soko, na anaipatia batu. Inapita ku pumzi. Inapita ku mate madogo-madogo yenye kutoka wakati unasema, unakohoa, unaimba. Ulikuya na ule motard?"

"Ku pikipiki yake. Nilimusomea rozari ndani ya sikio."

Rébecca akafunga macho kidogo.

"Rozari yote?"

"Yote."

Akapumua. Nyuma akauliza juu ya kifurushi yangu. Nikamwambia: kikwembe, unga ya ulezi, na samaki.

"Nusa ile samaki, mama."

Nikafungua kifurushi. Nikashusha cache-nez, nikanusa. Ilikuwa samaki ya Kyavinyonge, ile inanukaka mpaka kwa Monseigneur. Nikaanza kulia, mimi mutu muzima, biatu ku mukono.

"Hakuna kitu," nikasema. "Tangu jana. Nilisema ni alama. Nilisema mutoto yangu amekufa."

"Hapana, mama. Ni alama ya corona. Haipate bote, lakini batu bengi harufu inabapotea. Hauko muzimu, na haiko uchawi. Mara mingi harufu inarudi."

"Na mujukuu yangu? Ni nani atamuogesha?"

Rébecca akageuka. Aliangalia mabati ya kijani sawa mimi.

"Mimi siko askari," akasema. "Siwezi kukushika, na sitakugusa. Maji ni ya magoti. Ukivuka, utafika pale mbele ya nusu saa. Utakumbatia Bénite. Utabeba mutoto, utamwimbia, utapumua juu ya uso yake. Frontière haikufungwa juu banachukia ba mama. Ku barrière banapima batu, banauliza maswali. Huku ndani ya kakao, hakuna anayeuliza. Ugonjwa unapita na mutu, kimya. Amua weye, mama."

Niliangalia ile moshi. Ilipanda, ikakatika, ikapanda tena. Labda Bénite alikuwa anapika maharagwe. Labda alikuwa ananiita. Mikono yangu ilikuwa imeshika kikwembe, na nikaona ile mikono, na nikaiogopa.

Nikavaa biatu.

Balinipatia chumba peke yangu ku centre de santé ya Kasindi. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenitukana. Balichukua kipimo ku pua, na jibu ikakuya: corona, ndiyo. Rébecca akapiga simu Beni. Kasonia, Florentine na batu ba parcelle yetu balikaa nyumbani siku kumi na ine. Paulin naye. Alikohoa kidogo, akapona. Mpaka leo anasema alikimbia juu alisahau kufunga pikipiki.

Rébecca alipiga simu ingine pia, kwa mwenzake wa afya wa ng'ambo. Ule akaenda mpaka ku mabati ya kijani. Bénite alikuwa muzima! Simu yake ilianguka ndani ya sufuria ya maharagwe. Baluku alikuwa amekwama mbali, Kasese, juu gari zilikatazwa kutembea, na simu yake haikuwa na moto ku betri. Hiyo tu. Mimi nilifanya safari ya muzimu juu ya sufuria ya maharagwe.

"Na kikwembe?" nikauliza Rébecca.

"Ifue na sabuni. Ikauke ku jua. Camion bado zinapita."

Nikaifua mara tatu. Chauffeur moja, Kamate, alikuwa na ruhusa ya kuvuka na mizigo yake. Akaibeba mbele yake ndani ya camion, akaiacha kwa ule mwenzake wa Rébecca.

Siku ya tisa ndani ya kile chumba, simu ikalia. Ilikuwa mama mukwe ya Bénite.

"Mama Bénite, amezaa, ni mutoto mwanamuke! Niko na maji, niko na mutoto. Tunakungojea weye. Tufanye nini?"

Nikasema kwa kelele, mpaka ba infirmier, bauguzi, bakakuya ku mulango.

"Maji iko vuguvugu? Weka kiwiko kwanza! Shika kichwa. Sasa nyuma ya masikio. Hapana vile, mama, pole pole! Shingo. Shingo, kuko maziwa pale! Bien. Sasa kikwembe, ndege zikae juu."

Mutoto alilia ndani ya simu yangu. Nilimuogesha kwa kelele, toka ng'ambo ya mutoni, na hakuna pumzi yangu moja iliyomugusa.

Nilipona, nikarudi Beni. Sasa ku meza yangu kuko ndoo ya maji na sabuni. Navaa cache-nez, na kamba iko chini: batu basimame nyuma yake. Mutu akiniambia yeye hawezi kugonjwa juu iko na carte ya Ebola, namukalisha chini, namwambia yote, ata mambo ya ile mbuzi. Mutu akiniuliza njia ya kakao, namupatia namba ya Rébecca. Na mutu aliyekwisha kupita kule, namwambia: usijifiche, nenda useme, banakusaidia.

Lakini harufu haikurudi. Juma moja, mbili, tano. Niliuzisha samaki sawa mutu anayeuzisha mawe. Usiku na muchana nilijiuliza kama kitu ndani yangu kilibaki pale ku mutoni.

Mwezi wa saba, Kamate akapita Beni. Akaniletea sachet ya plastiki, imefungwa kabisa. Bénite alikuwa ameandika juu yake: KIKWEMBE. SIJAIFUA, MAMA.

Nikapigia Rébecca.

"Iache siku tatu ndani ya sachet, nyuma njo ufungue," akasema.

Siku tatu! Niliitundika ku musumari, nikaizunguka. Siku ya ine asubuhi, nikakaa ku mulango, nikafungua. Nikaweka uso yote ndani ya zile ndege.

Kwanza, hakuna kitu. Nikavuta pumzi tena. Njo ikakuya, kidogo, toka mbali: sabuni. Moshi ya jikoni. Maziwa ya mutoto, imechacha kidogo. Na chini ya yote, harufu ya mutoto mwenyewe, ile ya ku kichwa, ile Bénite alikuwa nayo.

"Kasonia!" nikapiga kelele. "Kasonia, kuya hapa! Kuya unuse mujukuu yako!"